Uzi: Sumu za bakteria wa utumbo na uchunguzi wa mapema wa saratani ya utumbo mpana

Fundi wa Maabara, Ngara

Wanajukwaa, hamjambo.

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Nairobi, na kwa miaka 14 sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa choo: kukipokea kikiwa ndani ya kikopo kilichoviringishwa kwa gazeti ili abiria wenzako kwenye matatu wasikione, kukipaka kwenye kioo kwa kijiti, kukitazama kwa hadubini na kuandika nilichokiona. Daktari aliyeagiza kipimo kwa kawaida hutaka kujua kama kuna amiba, jiardia au mayai ya minyoo, basi. Ndiyo maana nilipoanza kusoma kwamba choo hichohicho huenda siku moja kikapimwa ili kutafuta alama za sumu za bakteria zinazohusishwa na saratani ya utumbo mpana, nilikesha nikisoma. Naanzisha uzi huu kwa sababu habari hiyo imenifikia mara kadhaa kwenye simu ikiwa imeandikwa kana kwamba kipimo tayari kimekamilika na kilichobaki ni mtu kulipa. Hatujafika huko, na ningependa tuelewane ni kwa nini.

Nina sababu nyingine, ya nyumbani. Mjomba wangu aliyenilea Kariobangi alitokwa na damu akienda haja kwa muda wa miezi minane. Alitibiwa amiba mara tatu na bawasiri mara mbili, katika zahanati tofauti, na kila mara alipewa vidonge akarudi kazini, hadi alipoanza kukonda ndipo tukampeleka kufanyiwa kolonoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa njia ya haja kubwa ili kuutazama utumbo mpana kwa ndani. Uvimbe ulikuwa umekwisha kufika kwenye ini. Alikuwa na umri wa miaka 47. Damu ile ilikuwemo kwenye choo chake siku zote hizo, na mimi mpwa wake nilikuwa nikishinda natazama choo cha watu wengine.

Nianze na kolibaktini, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walionyesha kwamba baadhi ya aina za *Escherichia coli*, bakteria ambaye karibu kila mmoja wetu anaye tumboni, hubeba fungu la jeni linaloitwa pks, na kwamba seli zinazokutana na bakteria hao hupata majeraha ya DNA, tepe zake zote mbili zikikatika. Kitu kinachotengenezwa na jeni hizo kikapewa jina la kolibaktini. Kwa miaka mingi hakuna aliyefaulu kukitenga na kukishika, kwa sababu huvunjika upesi mno, na umbo lake lilikuja kufahamika mwaka 2019, hasa kwa kusoma alama kinazoacha kwenye DNA. Molekuli hiyo ina mikono miwili inayokaribia kufanana. Mkono mmoja hushika adenini, mojawapo ya herufi nne za DNA, ya utepe huu, wa pili hushika adenini ya utepe ule, na tepe mbili zikawa zimefungwa pamoja. Chukua zipu ya koti, uishone katikati kwa sindano na uzi, kisha uivute: ama itakwama au itararua kitambaa. Seli haiwezi kugawanyika bila kufungua zipu hiyo, na seli za ukuta wa utumbo hujitengeneza upya kila baada ya siku chache.

Kwa mtu wa maabara, habari ya kuvunjika upesi ndiyo kiini cha mambo. Tukisema tunapima sumu, basi kwa kolibaktini hatupimi sumu, kwa maana kikopo kinapofika dirishani kwangu sumu yenyewe imekwisha kupotea. Kinachoweza kupimwa kwenye choo ni jeni za pks, yaani tunakiona kiwanda bila kujua kama mitambo yake inafanya kazi. Njia nyingine ni kutafuta kovu. Mwaka 2020 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, waliotoka katika maabara ya Hans Clevers, walichukua organoidi, yaani vijitumbo vidogo vinavyokuzwa kutokana na seli za binadamu, wakaviingizia bakteria wenye pks kwa muda wa miezi mitano, kisha wakasoma DNA yote. Walikuta mpangilio wa makosa unaojirudia, wa namna yake, kama mwandiko wa mtu unaoutambua hata pasipo sahihi. Walipoutafuta mwandiko huo katika saratani za watu halisi, waliukuta katika baadhi yake.

Halafu ukaja utafiti wa mwaka 2025 ulioongozwa kutoka San Diego, Marekani, uliosoma DNA ya saratani 981 za utumbo mpana kutoka nchi 11 za mabara manne. Mwandiko wa kolibaktini ulionekana mara 3.3 zaidi kwa waliogunduliwa na ugonjwa kabla ya kufikisha miaka 40, wakilinganishwa na waliogunduliwa baada ya miaka 70. Nyote mnajua jinsi wagonjwa vijana wanavyotia hofu siku hizi. Marekani ilishusha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45 mwaka 2021. Lakini liko jambo moja katika utafiti huo ambalo matangazo hayaligusi. Makosa hayo ya DNA yanaonekana kuingia mapema sana, mengine ndani ya miaka kumi ya kwanza ya maisha. Ikiwa ndivyo, mtu wa miaka 38 anaweza kuwa na kovu la moto uliozimika alipokuwa darasa la pili. Ukipima choo chake leo ukakosa pks, hujamthibitishia lolote. Na kati ya mabara yale manne, Afrika haikuwamo.

Sumu ya pili ni ya *Bacteroides fragilis*, na inaitwa fragilisini. Yenyewe haigusi DNA moja kwa moja. Ni kimeng'enya chenye madini ya zinki ambacho hukata protini ya E-kadherini, ile inayoshikamanisha seli za ukuta wa utumbo kama saruji inavyoshika matofali. Saruji ikiliwa, ukuta unavuja, kinga ya mwili inakuja juu, na ukuta wenyewe unaanza kuvimba na kuwaka kwa muda mrefu. Cynthia Sears na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha mwaka 2009 kwamba bakteria hao husababisha vinyama vya utumbo, viotea vinavyoweza kugeuka saratani, kwa panya wenye mwelekeo wa kurithi ugonjwa huo. Mwaka 2018 wakaja na jambo lililonikaa akilini zaidi: kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi unaojaza utumbo vinyama mamia kwa mamia, bakteria hao wawili, wa pks na wa fragilisini, walikutwa wakiishi pamoja ndani ya utando wa kamasi uliogandamana na ukuta, na panya waliopewa wote wawili walipata uvimbe mwingi kuliko waliopewa mmoja peke yake. Mmoja anaondoa saruji, mwingine anapata njia ya kuzifikia seli.

*Fusobacterium nucleatum*, bakteria wa kinywani, anatajwa sana pia, lakini silaha yake kuu ni protini za kushikilia na si sumu kwa maana kamili, kwa hiyo sitamjadili kwa kirefu hapa.

Sasa hesabu. Utafiti wa mwaka 2012 uliopima vipande vya ukuta wa utumbo uliwakuta bakteria wenye pks kwa takriban thuluthi mbili za wagonjwa wa saratani, na kwa takriban mmoja kati ya watano wasio na saratani. Ukisikia hivyo unasema kipimo kimepatikana. Tuchukue mtaa wa watu 1,000 wasio na dalili yoyote, tukadirie kwamba watano wana saratani isiyojulikana, na tudhani choo kitatoa majibu yaleyale ya ukuta wa utumbo. Kipimo cha pks kitawanasa watatu na kuwaacha wawili. Katika wale 995 waliobaki, 199 wataambiwa wana alama ya saratani na watahitaji kolonoskopi. Kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, kinachojulikana kama FIT, katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014 wenye watu karibu 10,000 kilinasa asilimia 74 ya saratani na kuwapa majibu mazuri asilimia 95 ya wasio na ugonjwa mkubwa. Katika mtaa wetu hiyo ni kama wanne kati ya watano, na wanaosumbuliwa bure ni kama 50. Anayejua foleni ya kolonoskopi katika hospitali zetu za umma ataelewa tofauti ya watu 50 na watu 199.

Maoni yangu, basi, ni kwamba alama hizi zinaonyesha uwezekano wa kuugua na si ugonjwa wenyewe, na zisiuzwe kama kipimo cha saratani. Thamani yake naiona kwingine. Zinaweza kusaidia kupanga foleni, yaani kati ya wale waliokutwa na damu, nani aingie kwanza. Na zinaweza kusaidia kuamua ni kijana yupi aanze kuchunguzwa kabla ya umri wa kawaida. Hayo mawili kwetu yana uzito kuliko kwa mwenye mashine za kutosha. Lakini kwanza tujue ni Wakenya wangapi wenye afya njema wanaobeba jeni hizi, na hilo litajulikana kwa kupima choo cha Wakenya.

Karibuni tujadili.

---

Mama Zawadi, Umoja

Ndugu Fundi, ahsante kwa maelezo yanayoeleweka. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 36. Amekuwa akiona damu kwenye choo tangu mwezi wa pili, na tumbo linamkata. Ameona mtandaoni kampuni ya ng'ambo inayopima bakteria wote wa utumbo kwa kutumia choo kinachotumwa kwa posta, na anataka tuchangishane pesa. Je, tumlipie?

Fundi wa Maabara, Ngara

Dada Mama Zawadi, nakuomba msilipe. Vipimo vya choo nilivyovitaja hapo juu, hata FIT, nimevieleza kama uchunguzi wa mtu asiye na dalili. Mdogo wako ana dalili. Kwake swali la bakteria gani wapo tumboni halina nafasi leo; anachohitaji ni daktari wa kumpima kwa kidole na kumwandikia kolonoskopi, ili ukuta wa utumbo uonekane kwa macho na kama kuna kinyama kikatwe palepale kipelekwe kupimwa. Inawezekana kabisa kwamba ni bawasiri, au ni kichocho cha utumbo kama aliwahi kuishi kando ya ziwa. Lakini bawasiri ithibitishwe kwa kuonekana. Asikubali kuambiwa hivyo na mtu ambaye hakumpima. Fedha mliyotaka kuchanga iwekeni kwenye kolonoskopi.

---

Mwalimu Mstaafu, Rongai

Naomba kuuliza kuhusu chakula. Tulipokuwa vijana tulifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, na kwamba Mwafrika hulindwa na ugali wa unga usiokobolewa, maharagwe na mboga. Je, hawa bakteria wenye sumu wameletwa na vibanzi na nyama choma?

Fundi wa Maabara, Ngara

Mwalimu, shikamoo. Fundisho hilo lina mwenyewe. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alitambua kwamba wagonjwa aliowaona Uganda ni nadra kupata saratani ya utumbo mpana, na mwaka 1971 akaeleza kwamba sababu ni wingi wa makapi ya nafaka na mboga katika chakula chao. Wazo lake halijafa. Mwaka 2015 watafiti walibadilishana vyakula: Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walipewa chakula cha kijijini cha Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani chenye mafuta na nyama nyingi. Baada ya wiki mbili tu, ukuta wa utumbo ulikuwa umebadilika: kuvimba na kuwaka kwa ukuta huo, pamoja na kasi ya kugawanyika kwa seli, vilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji. Wiki mbili, Mwalimu! Kila ninaposoma takwimu hiyo nasimama kidogo.

Hata hivyo utafiti huo haukuwa wa sumu tunazozijadili, na sitaki kuuvuta useme usichokisema. Unachotuonyesha ni kwamba jamii ya bakteria tumboni huitikia sahani upesi, na kwa sababu hiyo kipimo kinachosoma bakteria kinaweza kutoa jibu hili kabla ya Krismasi na jibu jingine baada yake.

---

Msomi wa Tiba, Parklands

Fundi, nimekusoma kwa makini. Naongeza swali ambalo wenzangu darasani huliuliza: kama bakteria hao ndio chanzo, kwa nini tusiwaue kwa dawa? Metronidazoli ipo kila duka la dawa.

Fundi wa Maabara, Ngara

Swali hili ndilo nililokuwa nikilisubiri, kwa sababu linagusa maisha ya Nairobi kuliko yote.

Metronidazoli huua bakteria wasiotumia hewa ya oksijeni. *Fusobacterium* yumo katika kundi hilo, na *Bacteroides fragilis* pia. *Escherichia coli* hayumo. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba panya waliopandikizwa saratani ya binadamu yenye *Fusobacterium*, walipopewa metronidazoli, uvimbe wao ulikua polepole zaidi. Ni panya, na ni saratani iliyokwisha kuwepo; hakuna ruhusa hapo ya mtu kujitibu.

Lakini geuza upande wa pili. Fikiria ni watu wangapi mtaani kwako wanaokunywa Flagyl, yaani metronidazoli hiyohiyo, kila tumbo linapounguruma, bila kipimo, vidonge vichache tu hadi maumivu yapoe. Hao wote wamekwisha kuvuruga shamba tunalotaka kulipima. Aliyekunywa wiki iliyopita anaweza kukosa jeni ya fragilisini kwenye choo ilhali wiki mbili zilizotangulia ilikuwepo, na pks ikabaki palepale. Tukileta hapa kipimo kilichorekebishwa katika nchi ambako dawa hiyo hainunuliwi kiholela, tutapata majibu tusiyoweza kuyatafsiri. Mimi kwenye dirisha langu nimeanza kuwauliza wagonjwa: umekunywa dawa gani katika mwezi huu? Wengi hujibu hawajakunywa dawa, kisha nikitaja Flagyl kwa jina wanasema, hiyo ndiyo, jana.

Jambo la pili litakushangaza. Iko aina ya *Escherichia coli* inayoitwa Nissle 1917, iliyopewa jina la Alfred Nissle wa Ujerumani, aliyeitoa kwa askari ambaye hakuugua kuhara wakati wenzake waliugua. Imeuzwa kama bakteria wa kusaidia tumbo kwa zaidi ya karne moja. Nayo inabeba pks. Kuwa na kiwanda, narudia, si sawa na kuwa na ugonjwa.

---

Muuguzi, Kibra

Mimi sikubaliani nawe katika jambo moja, na nalisema kwa heshima. Unazungumza kuhusu watu 199 watakaosumbuliwa bure. Mimi nawaona wale ambao hawajawahi kupimwa chochote, wala FIT, wala shinikizo la damu. Kama jina jipya la sumu ya bakteria litamfanya mtu alete choo, si lina faida? Watu wetu huogopa neno saratani, lakini neno bakteria hawaliogopi.

Fundi wa Maabara, Ngara

Dada Muuguzi, umenipa jambo la kutafakari tangu jana usiku, na nakubali kwamba sikuliona. Kweli mtu anayeficha damu kwa aibu anaweza kukubali kuzungumzia bakteria. Tumia lugha hiyo kumleta. Nitaitumia na mimi. Ninachokataa ni kumpima kwa kipimo hicho baada ya kuja. Mtu mmoja kati ya watano atarudi nyumbani akiamini amepatikana na kitu cha saratani, na kama kolonoskopi haipatikani kwa miezi, ataibeba hofu hiyo peke yake, huku aliyeambiwa hana bakteria akiacha kujali damu anayoiona. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu ya mjomba.

FIT ipo tayari katika mwongozo wa kitaifa wa uchunguzi wa saratani wa mwaka 2018. Hutafuta himoglobini ya binadamu, kwa hiyo nyama ya ng'ombe uliyokula jana haiipotoshi, tofauti na kipimo cha zamani. Kijiti chake kina mifereji midogo kwenye ncha. Mwambie mgonjwa atandaze karatasi juu ya shimo la choo ili haja isichanganyike na maji wala mkojo, akwaruze sehemu kadhaa za choo hadi mifereji ijae, isizidi, kisha akirudishe kijiti ndani ya kichupa kikaze na aandike tarehe. Mwanamke asichukue akiwa katika hedhi. Kichupa kisiachwe juani, maana joto huivunja himoglobini na damu iliyokuwepo ikaonekana haipo.

---

Mama Zawadi, Umoja

Ndugu Fundi, tumepata nafasi ya kolonoskopi, Jumanne ya wiki ijayo. Mdogo wangu anauliza amwambie daktari nini.

Fundi wa Maabara, Ngara

Nimefurahi sana, dada. Mwandikieni kwenye karatasi moja, msitegemee kumbukumbu mbele ya daktari: damu ilianza lini, ni nyekundu mbichi au nyeusi, imechanganyika na choo au inadondoka baada yake, na kama amepungua uzito. Andikeni kila dawa aliyokunywa tangu mwezi wa pili, na Flagyl iwemo hata kama ni vidonge vinne. Andikeni kama kuna mzazi, ndugu, mjomba au shangazi aliyewahi kuugua saratani ya utumbo au ya mji wa uzazi, na alikuwa na miaka mingapi alipogunduliwa, kwa kuwa saratani hizo mbili huweza kurithiwa pamoja. Dawa ya kusafisha tumbo ainywe yote kwa saa alizopangiwa na hospitali, pamoja na maji mengi, hata ikimchosha; utumbo usiposafika, kinyama kidogo hakionekani. Na awe na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa sababu dawa ya usingizi huchelewa kuisha.

Jumanne jioni niandikie.